Sony A9 III: kamera ambayo pikseli zote zinaona kwa wakati mmoja

Mtu akiiona kamera hii mkononi mwangu, swali la kwanza huwa lilelile: ni kweli inapiga fremu 120 kwa sekunde? Ni kweli. Lakini mpigapicha mwenzangu akitaka kujua kwa nini ninaitumia, fremu 120 sizitaji kwanza. Ninamwambia kwamba ukibonyeza, pikseli zake zote milioni 24.6, yaani vitone vya kupokea mwanga kwenye sensa (kibao kinachochukua nafasi ya filamu), zinaanza kupokea mwanga kwa pamoja na kuacha kwa pamoja. Hakuna sehemu ya juu iliyotangulia wala ya chini iliyochelewa. Ilipotangazwa Novemba 2023 ilikuwa kamera ya kwanza ya fremu kamili (yaani sensa ya ukubwa wa filamu ya milimita 35) isiyo na kioo yenye sensa ya namna hiyo. Mimi kazi yangu ni michezo ya ukumbini, hasa mpira wa vinyoya, na picha za watu juani kwa flashi, na kwa kazi hizo mbili sijaona badiliko kubwa kuliko hili tangu nilipoacha filamu.

Ili uone kwa nini ninaisifu hivyo, itazame kwanza shata ya kawaida, kifaa kinachoruhusu mwanga ufike kwenye sensa kwa muda uliouweka. Mbele ya sensa kuna mapazia mawili. La kwanza linashuka na kuiacha sensa wazi, la pili linafuata na kuifunika. Ukiweka 1/60 ya sekunde hakuna tatizo: la kwanza linafika chini, sensa nzima inakaa wazi, kisha la pili linashuka. Ugumu unaanza unapotaka kasi. Sensa ya fremu kamili ina kimo cha milimita 24, na hata pazia la shata nzuri linahitaji takriban 1/250 ya sekunde kuukata umbali huo. Ukiomba 1/8000, pazia la pili linalazimika kuondoka wakati la kwanza limeanza safari tu, na yote mawili yanashuka yakifuatana na mwanya mdogo katikati. Piga hesabu: mwanya huo una upana wa milimita 0.75. Kila mstari wa pikseli unapata 1/8000 yake kamili, lakini mstari wa mwisho unaipata karibu 1/250 ya sekunde baada ya wa kwanza. Kwa mtu aliyesimama, tofauti hiyo si kitu. Kwa kitu kinachokimbia, juu na chini ya picha ni nyakati mbili tofauti.

Ushahidi maarufu wa jambo hili ni picha ya Jacques Henri Lartigue ya mwaka 1912, ya gari la mashindano nchini Ufaransa. Gurudumu la nyuma limekuwa duaradufu iliyolalia mbele, na watazamaji wa kando ya barabara wameinamia upande wa pili. Lartigue aliizungusha kamera kulifuata gari bila kuifikia kasi yake, na mwanya wa shata ulipokuwa ukipita polepole, gari lilikuwa likisogea upande mmoja wa fremu na watu wakisogea upande mwingine. Picha inapendeza, na wengi wetu tulijifunza kuuona mwendo kupitia kwake. Hata hivyo gurudumu lile halikuwa na umbo lile.

Shata ya kielektroniki ilipokuja, mambo yalizidi kuwa mabaya kabla ya kuwa mazuri. Sensa ya kawaida ya CMOS, aina iliyomo katika kamera nyingi za leo, haisomwi yote kwa mpigo mmoja. Inasomwa mstari baada ya mstari, kama mwalimu anayeita majina darasani mlango ukiwa wazi: akifika jina la mwisho, aliyeitwa kwanza keshatoka nje. Kamera nyingi za fremu kamili zenye sensa ya kawaida huchukua kati ya 1/15 na 1/30 ya sekunde kusoma kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, hata kama wewe umeweka 1/4000. Kila pikseli inaganda vizuri, lakini picha nzima imesambaa ndani ya muda mrefu mno. Fimbo ya gofu inatoka imepinda kama upinde, bapa za helikopta zinaelea zikiwa zimekatika, na ukumbi wenye taa zinazometameta unatoka na michirizi ya giza na mwanga kwenye uso wa mchezaji.

Watengenezaji walijibu kwa kuipa sensa mbio. A9 ya kwanza, ya mwaka 2017, ilikuja na sensa ya matabaka yenye kumbukumbu yake yenyewe, na Nikon Z9 ya 2021 ikayaondoa mapazia ya mitambo moja kwa moja kwa sababu usomaji wake ulikuwa umeukaribia mwendo wa pazia. Kwa kazi nyingi hiyo inatosha, na sitamwambia mwenye Z9 aiweke kabatini. Lakini mwalimu bado alikuwa akiita majina, ila kwa haraka zaidi.

A9 III imeuacha utaratibu huo. Shata yake inaitwa shata ya pamoja, na kanuni yake ni hii: fotoni zinapoipiga silikoni zinang'oa elektroni, na elektroni hizo zinakusanyika ndani ya pikseli. Muda wa picha ukiisha, kipimo cha kila pikseli kinahamishiwa kwenye hifadhi ya pikseli hiyohiyo, mahali ambapo mwanga unaoendelea kuingia hauwezi kukibadilisha. Zote zinahama kwa amri moja. Baada ya hapo kusoma mstari kwa mstari kunaweza kuendelea, kwa sababu kilichokuwa kinatafutwa kimeshafungiwa.

Wenye umri wa kutosha watakumbuka kwamba zamani tulikuwa na kitu kinachofanana na hiki. Sensa za CCD, aina iliyotangulia CMOS kwenye kamera, ambazo Willard Boyle na George Smith walizibuni Bell Labs mwaka 1969 na kupewa Nobeli ya fizikia mwaka 2009, zilikuwa na aina iliyohamisha chaji za pikseli zote kwa mara moja kwenda kwenye safu zilizofunikwa. Ndiyo maana Nikon D70 ya mwaka 2004, kamera ya watu wa kawaida kabisa, iliweza kupiga na flashi kwa 1/500 wakati kamera nyingi za daraja lake ziliishia chini zaidi. Kisha CMOS ikashinda, kwa haki, kwa sababu inakula umeme kidogo na inaweza kubeba saketi nyingi papo hapo kwenye sensa. Tulipata faida nyingi, na uwezo huu mmoja ukapotea kwa karibu miaka ishirini kwenye kamera za kawaida za picha.

Sasa ukumbini. Mpira wa vinyoya ni mtihani mkali kuliko watu wanavyodhani. Pigo la kasi zaidi la mwanamume lililosajiliwa mwaka 2023, la Satwiksairaj Rankireddy wa India, lilifika kilomita 565 kwa saa. Kwa mwendo huo kinyoya (mpira wenyewe wa mchezo huu) kinasafiri zaidi ya sentimita 60 ndani ya 1/250 ya sekunde, yaani katika muda ambao pazia linashuka mara moja. Wachezaji ninaowapiga hawafikii huko, lakini tatizo ni lilelile.

Kitu kilichonikamata kwenye picha za kamera hii ni mpini wa raketi. Katika pigo kali, mpini unapinda: kichwa cha raketi kinabaki nyuma mkono ukitangulia, halafu unarudi kwa nguvu. Kwenye shata za kielektroniki za zamani mpini ulitoka umepinda kila mara, kwa hiyo picha haikukuambia lolote. Upinde mwingine ulikuwa wa mkono wa mchezaji, mwingine wa sensa, na hukuwa na njia ya kuutenganisha. Kwenye A9 III ninauangalia mpini na kujua kwamba upinde ule ulikuwepo. Nilimwonyesha kocha mmoja mfululizo wa fremu za mchezaji wake, na mara moja akaanza kuzungumzia kifundo cha mkono, kwamba kinafunguka mapema. Alikuwa akiisoma picha kama kipimo. Ukivuta karibu kwenye fremu nzuri, unaweza kuhesabu manyoya ya kinyoya, na yote 16 yanaelekea kwenye kichwa chake bila moja kusukumwa pembeni. Nyuzi za raketi ni miraba, si misambamba iliyolala.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Shata ya pamoja haiondoi ukungu wa mwendo. Ukungu unatokana na muda ambao mwanga unaingia. Umbo lililopotoka linatokana na mistari kupewa nyakati tofauti. Ukumbini napiga 1/2000 kwa f/2.8 (tundu la lenzi likiwa wazi sana), na kwa muda huo kinyoya cha kasi bado kinaacha alama ndefu. Kamera inaweza kufika 1/80,000 kwa picha moja moja, na 1/16,000 kwa mfululizo, lakini taa za ukumbi hazina mwanga wa kulisha kasi hizo. Kinachobadilika ni kwamba ukungu wenyewe unatoka mnyoofu, ukielekea kule kinyoya kilikokuwa kinaelekea.

Kuhusu taa pia kuna ukweli nusu unaosambazwa. Wanasema michirizi imekwisha. Ndani ya fremu moja, ndiyo, imekwisha, kwa sababu mistari yote inaona mwanga uleule. Lakini taa inayowaka na kufifia mara 100 kwa sekunde bado inafanya hivyo, na ukipiga mfululizo kwa 1/2000, fremu moja itaangukia kwenye kilele na nyingine kwenye bonde. Utapata mfuatano wa picha zilizo safi kila moja, ila moja ina mwanga na inayofuata ina kiza, na rangi nazo zinayumba kidogo. Kamera ina mipangilio ya kukabiliana na kumetameta kwa taa, nami huishughulikia kabla mchezo haujaanza kwa kupiga mfululizo mfupi kwenye ukuta mweupe. Afadhali tatizo hili kuliko michirizi: fremu yenye kiza unaweza kuiongezea mwanga baadaye kwa programu, uso wenye michirizi hauponi.

Gharama yake ipo, nayo imo ndani ya pikseli. Hifadhi ile inayofungia kipimo inahitaji nafasi, na nafasi hiyo inatoka palepale mwanga unapokusanywa. Pikseli inashika elektroni chache kabla ya kujaa. Ndiyo sababu ISO ya msingi ya A9 III (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ni 250, wakati kamera nyingi za fremu kamili huanzia 100 au karibu yake. Maana yake ni kwamba kwenye ISO yake ya chini kabisa ya kweli, unapiga kwa asilimia 40 tu ya mwanga ambao kamera ya ISO 100 ingeupokea. Unaweza kuishusha hadi 125 kwa upanuzi, lakini upanuzi hauongezi uwezo wa pikseli, na mawingu meupe yanaungua mapema, yaani yanabaki weupe mtupu.

Na mwanga pungufu una adhabu ambayo programu haiwezi kuifuta yote. Fotoni hazifiki kwa foleni. Zinafika kwa kubahatisha. Pikseli inayotarajia fotoni 10,000 itapata zaidi au pungufu kwa takriban 100, tofauti ya asilimia 1 ambayo jicho haliioni. Pikseli ya kivulini inayotarajia 100 itayumba kwa 10, na asilimia 10 unaiona kama punjepunje. Kwa hiyo nikiinua vivuli vya picha ya A9 III iliyopigwa kwa ISO 250, punje zinatokea mapema kuliko kwenye kamera yangu ya zamani yenye mapazia. Kwa ISO 6400 ukumbini tofauti ipo, lakini haijawahi kuniharibia kazi. Kwa mandhari, machweo yenye jua na bonde lenye giza katika fremu moja, ninaichukua ile ya zamani bila kusita, na ningemshauri mpiga mandhari asiitamani hii hata kidogo. Mlima hausogei. Apewe megapikseli zaidi na ISO 100 au 64, atulie.

Mengine kwa haraka. Kunasa kabla ya kubonyeza ni kitu cha thamani: kamera inakuwa imehifadhi hadi sekunde moja iliyopita, nawe ukichelewa kidogo pigo bado linakuwemo. Kwa fremu 120 sekunde hiyo moja ni picha 120 za kuchambua, kwa hiyo mimi nimeishusha kasi hadi fremu 30 kwa sekunde na kuweka kitufe cha kuipandisha wakati wa hatari tu. Kitazamio hakizimiki hata kidogo unapopiga, na baada ya kukizoea utaona kamera nyingine zinakupepesa jicho. Haina mlio wala mtikisiko isipokuwa ukiiwashia sauti ya bandia, na hakuna pazia la kuchakaa. Lakini hakuna pazia la kulinda pia: ukitoa lenzi, sensa iko wazi kwa vumbi, basi badilisha lenzi ukiwa umeielekeza kamera chini, na ubadilishe haraka. Ni nyepesi mkononi, na betri ni ileile ya kamera nyingi za Sony.

Flashi ndiyo iliyonishangaza kuliko yote. Shata ya mapazia inaweka mpaka, kwa kawaida 1/200 au 1/250, kwa sababu flashi lazima iwake sensa nzima ikiwa wazi. Ukizidi hapo, pazia linaifunika sehemu ya fremu na unapata ukanda mweusi. Juani mpaka huo unakubana vibaya. Kwa ISO 250 na 1/250, jua la mchana linakulazimisha f/16 (tundu dogo la lenzi), na kwa f/16 kila jani nyuma ya mtu wako linaonekana. Ukitaka f/2.8, unahitaji 1/8000. Zamani ulichagua kati ya mambo mawili: kichujio cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi, au ule mtindo wa flashi kuwaka mfululizo wa vimulimuli wakati mwanya unashuka, ambao unapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, kwani mwanga mwingi unaishia kwenye pazia.

Kwa A9 III flashi inawaka mara moja na sensa yote inaiona, kwa kasi yoyote. Nampiga mtu mchana, mgongo kwa jua, f/2.8, 1/16,000, na anga inashuka nusu huku uso ukibaki kwenye mwanga wangu. Kwa 1/32,000 anga inashuka hadi robo na inaanza kuonekana ya jioni.

Ila fizikia ya flashi haiondoki kwa sababu kamera imeboreka. Mwanga wa flashi nao una urefu wa muda. Flashi nyingi ndogo za kupachika juu ya kamera, kwa nguvu kamili, zinawaka kwa takriban 1/1000 ya sekunde au zaidi, kwa hiyo kwa 1/16,000 unakata kipande chembamba tu cha mwanga ule, na kingine chote kinamwagika bure. Flashi hizo hupunguza nguvu kwa kuukatiza mwanga mapema, si kwa kuufifisha. Ukiishusha nguvu hadi moja ya nane, mwanga unakuwa mfupi, na kinachoingia kwenye sensa hakipungui kwa kiasi ulichoshusha, huku flashi ikijichaji haraka na kutopata moto. Ndiyo sababu mimi juani huanza na moja ya nane, naisogeza flashi karibu na uso kadiri fremu inavyoruhusu, kisha ndipo napandisha kasi ya shata hadi anga inipendeze. Na kama unatumia redio ya kuwashia flashi, fungua mpangilio wa muda wa flashi kwenye menyu kabla ya kuilaumu kamera: redio nyingi huchelewa kidogo, na kwa 1/16,000 kuchelewa huko kunatosha kukupa fremu isiyo na flashi kabisa. Sogeza tarakimu moja moja huku ukipiga ukuta, usimame pale ukuta unapong'aa zaidi, na uandike namba hiyo kwa kila redio uliyonayo.